Kutuma Makala ya Ujifunzaji wa Mashine: Kutoka Rasimu Hadi Kongamano au Jarida

Kabla hujafungua kiolezo cha LaTeX (programu ya kupanga maandishi ya kisayansi), chukua karatasi moja uigawe safu mbili. Kushoto andika kila dai ambalo makala yako italitoa. Kulia andika ushahidi wake: jedwali lipi, mchoro upi, uthibitisho upi wa kihisabati. Dai ambalo kulia kwake ni kweupe lifute, au nenda ukafanye jaribio linalokosekana.

Tuseme umebuni njia ya kubana modeli za lugha ili zitumie kumbukumbu kidogo. Ukiandika "mbinu yetu ni bora kuliko zote", hakuna jedwali duniani litakalolibeba dai hilo. Ukiandika "kwa modeli zenye parameta chini ya bilioni 1, mbinu yetu inapunguza kumbukumbu kwa nusu, na usahihi unashuka chini ya pointi moja katika kazi sita tulizopima", hapo una kitu cha kutetea. Mhakiki anaweza kukipima, na wewe unajua majaribio yako yanaishia wapi.

Nimehakiki makala nyingi na kuandika kadhaa, na naamini zaidi ya nusu ya maumivu ya kutuma makala yanatokana na karatasi hii kutoandikwa, au kuandikwa siku mbili kabla ya mwisho. Itunze. Utaihitaji wakati wa kuchagua pa kutuma, wakati wa kujibu wahakiki, na makala ikikataliwa.

Kongamano au jarida?

Katika taaluma nyingi jarida ndilo lenye uzito, na kongamano ni mahali pa kukutana na kuzungumza. Kwenye ujifunzaji wa mashine mambo yamegeuka. Makongamano makubwa huhakiki makala nzima, na makala iliyokubaliwa humo huhesabiwa kuwa chapisho kamili. Matatu yanayotajwa zaidi ni NeurIPS, lililoanza mwaka 1987, ICML, ambalo mizizi yake ni warsha ya mwaka 1980, na ICLR, lililoanzishwa mwaka 2013 na Yann LeCun na Yoshua Bengio. Kando yao kuna AISTATS na UAI kwa wanaoegemea takwimu na uwezekano, COLT kwa nadharia, CVPR, ICCV na ECCV kwa uonaji wa kompyuta, ACL na EMNLP kwa lugha, AAAI na IJCAI kwa akili mnemba kwa upana wake.

Usichague kwa ukubwa wa jina. Chukua makala tano ambazo kazi yako isingekuwepo bila hizo, uangalie zilichapishwa wapi. Huko ndiko waliko wasomaji wako, na huko ndiko watakakotoka wahakiki wako. Mtu wa nadharia aliyeangukia kwa wahakiki wa majaribio ataulizwa kwa nini hakupima kwenye seti kubwa ya data. Mtu wa majaribio aliyeangukia kwa watu wa nadharia ataulizwa nadharia yake iko wapi. Wote wawili wanaweza kuwa na kazi nzuri, ila wamebisha mlango usio wao.

Majarida yana nafasi yake, na kwa maoni yangu waandishi wapya huyadharau bila sababu. JMLR (Journal of Machine Learning Research) lilianzishwa mwaka 2000, na mwaka uliofuata wahariri 40 wa jarida la Machine Learning walijiuzulu kwa barua ya wazi, wakitaka kazi za wanasayansi zisomwe bila malipo. Makala ndefu yenye uthibitisho wa kurasa 30, ambayo kongamano lingekulazimisha uisukume yote kwenye kiambatisho, mahali pake ni pale. TMLR (Transactions on Machine Learning Research) lilianza mwaka 2022 na linapokea makala mwaka mzima. Wahakiki wake huulizwa mambo mawili: je, madai yanaungwa mkono na ushahidi ulio wazi, na je, kuna wasomaji wa jarida watakaonufaika? Hawaulizwi kama kazi ni mpya kiasi cha kushtua. Mwenye kazi safi, iliyopimwa kwa uangalifu lakini isiyo na kishindo, ajaribu TMLR mapema badala ya kuzungushwa na makongamano mwaka mzima.

Kama hii ni makala yako ya kwanza, fikiria pia warsha zinazoambatana na makongamano hayo. Nyingi hutaka kurasa chache, na hazihesabiwi kuwa uchapishaji rasmi, kwa hiyo kazi ileile unaweza kuipanua na kuituma kwingine. Hakikisha warsha yenyewe imeandika hivyo.

Jihadhari pia na barua pepe zinazokusifu kuwa mtafiti mashuhuri, zinazoahidi uamuzi ndani ya siku chache, na zinazotaja ada kabla ya kutaja wahakiki. Kongamano linalopokea kilimo, uhasibu, uuguzi na mitandao ya neva kwa pamoja halina mtu wa kuisoma kazi yako.

Kalenda inavyokusukuma

Tarehe hubadilika kila mwaka, lakini mzunguko wake haubadiliki sana. ICML hufunga mlango mwishoni mwa Januari na kutoa uamuzi karibu na mwanzo wa Mei. NeurIPS hufunga katikati ya Mei na kutoa uamuzi Septemba. ICLR hufunga mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba na kutoa uamuzi Januari. Ziangalie vizuri: uamuzi wa kongamano moja hutoka siku chache tu kabla mlango wa jingine haujafungwa. Ndiyo maana watu wengi hukataliwa Jumatatu na kutuma PDF ileile wiki inayofuata, wamebadilisha kiolezo tu. Mara nyingine hukutana na mhakiki yuleyule, akiwa na swali lilelile.

Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya mwisho. Kwa makala ya majaribio mimi huweka hivi: wiki nane kabla, madai na ushahidi viko kwenye karatasi; wiki tano kabla, majaribio makuu yamekamilika, hata kama si mazuri; wiki tatu kabla, rasimu nzima ipo, yenye mapengo; wiki moja kabla, mtu asiyehusika na kazi ameisoma. Jaribio linaloanza katika siku kumi za mwisho lisiwe lile linalobeba dai kuu.

Kisha kuna suala la saa. Muda wa mwisho huandikwa AoE, yaani siku haihesabiwi kuwa imekwisha mpaka iishe kila mahali duniani. Ni UTC (saa ya kimataifa) kasoro saa 12. Ukisoma 23:59 AoE, hiyo ni 11:59 UTC ya siku inayofuata. Hapo ongeza au punguza tofauti ya saa za unakoishi. Na kwa kuwa sisi wenye Kiswahili tunahesabu saa kuanzia alfajiri, kwenye kikundi chenu cha waandishi andikeni muda huo kwa mfumo wa saa 24 pamoja na tarehe. "Saa sita" ya mmoja isije ikawa mchana, na ya mwenzake usiku wa manane.

Mambo ya kumaliza mapema

Soma wito wa makala wa mwaka huo, si wa mwaka jana, na uusome wote. Kisha fanya haya mwezi mmoja kabla.

Fungua akaunti ya OpenReview, jukwaa ambalo NeurIPS, ICML, ICLR na TMLR hulitumia. Mwenye barua pepe ya chuo au taasisi huingia haraka. Asiye nayo, akaunti yake hukaguliwa na binadamu, na ukaguzi huo unaweza kuchukua hadi wiki mbili. Waandishi wenza wote wanahitaji akaunti, na wote wanatakiwa kujaza sehemu ya mgongano wa maslahi: wasimamizi wao, waajiri wao, watu walioandika nao karibuni.

Kubalianeni majina na mpangilio wake. Makongamano mengi yana tarehe mbili, moja ya ikisiri na nyingine, siku chache baadaye, ya makala kamili, na baada ya ya kwanza au ya pili huwezi tena kuongeza mwandishi. Mazungumzo ya nani atangulie ni magumu. Yafanyeni kazi ikiwa bado mbichi, si saa mbili kabla mfumo haujafungwa.

Jua wajibu wa kuhakiki. Makongamano makubwa sasa hudai mwandishi mmojawapo akubali kuhakiki makala za wengine, na baadhi yameanza kukataa makala za wahakiki waliopuuza kazi yao au kuandika maoni ya ovyo. Ukikubali, tenga muda.

Jua pia marufuku ya kutuma mara mbili. Makala moja haiwezi kuwa mbele ya makongamano mawili rasmi, au kongamano na jarida, kwa wakati mmoja. Rasimu iliyowekwa arXiv (hazina ya wazi ya rasimu za makala mtandaoni) kwa kawaida haihesabiki kuwa uchapishaji, lakini mtumaji mpya huko anaweza kudaiwa kwanza adhaminiwe na mwandishi anayetambulika, kwa hiyo hilo nalo lianze mapema.

Kuandika kwa ajili ya mtu aliyechoka

Mhakiki wako amepewa makala kadhaa, ana kazi yake mwenyewe, na pengine anakusoma usiku. Si adui. Anatafuta majibu manne, na ukimpa yote katika ukurasa wa kwanza atakushukuru kimoyomoyo: tatizo ni lipi, kwa nini yaliyopo hayatoshi, ninyi mmefanya nini, na mmejuaje kuwa kinafanya kazi.

Anza na ikisiri. Sentensi moja au mbili za tatizo, moja ya pengo, mbili za mnachofanya, moja au mbili za matokeo yenye tarakimu. Usianze na historia ya akili mnemba. Sentensi inayosema mitandao ya neva imepata mafanikio makubwa miaka ya karibuni mhakiki ameshaisoma mara elfu, na imekula mstari ambao ungebeba matokeo.

Katika utangulizi, orodhesha michango mitatu au minne, kila mmoja ukitaja sehemu ya makala inayouthibitisha. Hapo ndipo ile karatasi ya safu mbili inapohamia kwenye makala. Weka mchoro juu ya ukurasa wa kwanza au wa pili, unaoeleweka bila kusoma maandishi mengine, na maelezo yake yaseme msomaji aone nini. Kwa mfano wetu wa kubana modeli: mhimili mmoja kumbukumbu, mwingine usahihi, nukta za mbinu zilizopo, na yenu.

Kazi za watangulizi zieleze kwa haki. Usiandike tu kwamba fulani alifanya hiki na fulani kile. Sema kazi yenu inatofautiana vipi na ile iliyo karibu nayo zaidi, kwa sababu mwandishi wa ile iliyo karibu nayo zaidi ndiye anayeelekea kupewa makala yenu.

Sasa majaribio, sehemu inayoangusha makala nyingi kuliko zote. Mbinu za kulinganishia zipewe nafasi sawa na yenu. Kama mlijaribu mipangilio 50 ya haipaparameta (vipimo vinavyochaguliwa kabla ya mafunzo) kwa mbinu yenu na mkatumia mipangilio ya kiwandani kwa zile nyingine, jedwali lenu halipimi mbinu, linapima juhudi. Andikeni wazi kila moja ilipewa majaribio mangapi. Rudieni mafunzo kwa mbegu za nasibu tofauti (namba zinazoanzisha bahati nasibu ya mafunzo) na mtoe wastani pamoja na mkengeuko, mkisema wazi mistari ya makosa ni ya nini: mkengeuko sanifu, kosa sanifu au masafa ya uhakika? Kisha ondoeni kipande kimoja kimoja cha mbinu yenu muone kinachobaki. Kama mna vipande vitatu na kimoja hakibadilishi kitu, kiondoeni kabisa. Makala itakuwa fupi, na itaaminika zaidi.

Msiguse data iliyotengwa kwa kipimo cha mwisho mpaka maamuzi yote yamefanyika. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu kuvuja kwa data, yaani data ya kipimo kupenya kwenye mafunzo au maamuzi, hakuonekani kwenye PDF. Msomaji anakuamini tu.

Makongamano kadhaa hudai ujaze orodha ya ukaguzi. NeurIPS ilianza na ya urudufishaji (kama wengine wanaweza kuyarudia matokeo) mwaka 2019, chini ya juhudi zilizoongozwa na Joelle Pineau, na sasa makala isiyo na orodha hukataliwa bila kuhakikiwa. Ijaze mapema, rasimu ikiwa bado inabadilika, kwa sababu maswali yake hukuonyesha ulichosahau: aina ya kadi za GPU, saa zilizotumika, leseni ya data, idhini ya watu waliohusika. Jibu la "hapana" lenye maelezo ya kweli halikuangushi. Na sehemu ya mapungufu iandikwe kwa moyo mmoja. Taja pale mbinu inaposhindwa, toa mfano wake. Udhaifu uliousema wewe mwenyewe, mhakiki huuchukua kama ukweli wa kazi. Akiugundua mwenyewe ataona ulikuwa unaficha.

Lugha ya makongamano haya ni Kiingereza, na wengi wetu hatufikirii kwa lugha hiyo. Njia inayonisaidia ni kupanga hoja nzima kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya mwenzangu, hadi asiulize tena "kwa nini?". Baada ya hapo Kiingereza kinakuwa kazi ya sentensi fupi. Programu za lugha zinaweza kunyoosha sarufi, lakini soma sera ya kongamano kuhusu matumizi yake, na kila rejeo lifungue mwenyewe uhakikishe lipo. Marejeo ya kubuni yaliyozalishwa na programu ni kosa zito, na mwandishi ndiye anayewajibika. Kuficha ndani ya PDF maandishi ya kuelekeza programu ya mhakiki isifu makala ni udanganyifu wa wazi.

Kuficha utambulisho

Mahali pengi mwandishi hamjui mhakiki na mhakiki hamjui mwandishi. Makala yangu ya kwanza ilirudishwa bila kusomwa na kongamano moja kwa sababu niliacha aya ya shukrani mwishoni, yenye jina la msimamizi wangu na namba ya ufadhili. Miezi minne ya kazi, na hakuna aliyefika kwenye Jedwali la 1. Tangu siku hiyo nina utaratibu ambao siuruki.

Nafungua PDF na kutafuta jina la kila mwandishi, la taasisi, na la mfadhili. Naangalia sifa za faili, kwa sababu jina la mwenye kompyuta huweza kubaki humo. Nakagua viungo vya msimbo: hazina ya GitHub yenye jina langu haifai, hivyo napeleka faili la zip lililosafishwa, au kiungo kisichotaja mtu, na ndani yake natafuta anwani za folda zenye jina la mtumiaji. Kazi zetu za nyuma nazitaja kwa nafsi ya tatu, "Fulani na wenzake walionyesha", kamwe si "tulionyesha katika kazi yetu iliyopita". Mwisho naangalia mstari wa kiolezo: vifurushi kama cha NeurIPS huficha majina vyenyewe, lakini ukiweka chaguo la "final" majina yanatokea.

Siku tatu za mwisho

Makala hukataliwa mlangoni kwa mambo madogo. ICML huruhusu kurasa 8 na NeurIPS 9 za maandishi makuu, bila marejeo na viambatisho, lakini thibitisha katika wito wa mwaka wako. Usipunguze pambizo wala nafasi kati ya mistari ili kubana maandishi, hilo hugunduliwa. Michoro ya Matplotlib (maktaba ya Python ya kuchora) kwa kawaida hutumia fonti za Type 3 ambazo ICML haizitaki, na dawa yake ni mstari mmoja: weka pdf.fonttype kuwa 42 kabla ya kuhifadhi mchoro.

Tuma toleo kamili saa 48 kabla, hata kama halijakuridhisha. Mfumo hukuruhusu kulibadilisha hadi dakika ya mwisho. Kisha lipakue kutoka kwenye mfumo wenyewe, lifungue kwenye simu au kompyuta nyingine, ulisome mwanzo hadi mwisho. Usitafute ulichokikumbuka kwenye rasimu, soma kilichotumwa.

Maoni yakirudi

Utapata maoni matatu au manne, yenye alama. Yasome mara moja, yafunge, usijibu siku hiyo. Kesho yake yagawe kwa hoja, si kwa mhakiki: hoja zilizotajwa na zaidi ya mmoja, hoja zinazohitaji jaribio, hoja zilizotokana na kutoeleweka. Hizi za mwisho zinauma zaidi, na ndizo zenye faida zaidi, maana kama mtu makini hakuelewa, sentensi yako ndiyo yenye kasoro.

Chukua mhakiki aliyeandika: "Mbegu tatu ni chache. Huenda matokeo haya ni ya bahati." Jibu linaloharibu ni hili: "Hatukubaliani. Matokeo yetu yanaonekana wazi katika Jedwali la 2." Linalosaidia ni hili:

"Asante kwa hoja hii. Tumerudia Jedwali la 2 kwa mbegu 10. Katika kazi tano, usahihi bado unashuka chini ya pointi moja. Katika ya sita unashuka kwa pointi 1.4, kwa hiyo tumebadilisha ikisiri iseme kazi tano kati ya sita. Jedwali jipya liko hapa chini."

Tazama lilichofanya. Limejibu kwa tarakimu, limekubali kilichoanguka, limeonyesha makala imebadilika wapi. Kwenye ile karatasi ya mwanzo, dai limepungua ukubwa na ushahidi umeongezeka. Nimeona wahakiki wakipandisha alama kwa jibu la namna hii hata pale matokeo yaliposhuka.

Anza na hoja nzito zaidi. Nukuu hoja kwa maneno yake, kisha jibu, maana mhakiki amesahau alichoandika. Usiahidi majaribio usiyoweza kuyamaliza. Kumbuka pia kuna msomaji wa pili: mwenyekiti wa eneo, anayesoma mazungumzo yote na kupendekeza uamuzi. Mhakiki akikosea waziwazi au akitukana, mwandikie mwenyekiti kwa faragha, kwa aya moja tulivu inayoonyesha ukurasa na mstari. Usilitumie hilo kwa kila alama ya chini.

Ikikataliwa

Makala nyingi zinazotumwa kwenye makongamano makubwa hukataliwa, na bahati ina sehemu yake. Mwaka 2014 wenyeviti wa programu wa NeurIPS, Corinna Cortes na Neil Lawrence, walizipeleka makala 166 kwa kamati mbili tofauti bila kamati hizo kujua. Zilitofautiana kwa takriban robo ya makala, na zaidi ya nusu ya zile ambazo kamati moja ilizikubali, nyingine ilizikataa. Jaribio lilirudiwa mwaka 2021, likatoa picha inayofanana. RoBERTa, modeli ya lugha, ilikataliwa na ICLR ya 2020. Mamba, muundo wa modeli, ilikataliwa na ICLR ya 2024, ikakubaliwa mwaka huohuo katika COLM, kongamano la modeli za lugha.

Hilo lisikufanye uyapuuze maoni. Linakuambia jinsi ya kuyasoma: mhakiki mmoja anaweza kukosea, lakini hoja iliyotajwa na watatu usiiite bahati. Rudi kwenye karatasi na weka alama kwenye dai ambalo hawakuliamini. Kama kinachohitajika ni kuandika upya, wiki mbili zinatosha na unaweza kuwahi kongamano linalofuata. Kama ni majaribio mapya, acha kongamano hilo lipite, au peleka TMLR ambako hakuna tarehe ya kukukimbiza.

Jua pia kinachobaki hadharani. ICLR huweka wazi makala zote na maoni yake, na zilizokataliwa hubaki mtandaoni zikiwa na majina ya waandishi. NeurIPS haionyeshi zilizokataliwa bila ridhaa yako. Ukituma ICLR, tuma kazi ambayo hutajali ikisomwa na mwajiri wako miaka mitano baadaye.

Ukiwa kwenye jarida

Mwendo ni wa polepole na mazungumzo ni marefu zaidi. Uamuzi wa kwanza mara nyingi ni "rekebisha", na huo si mkosi. Andaa barua ya majibu inayonakili kila hoja ya mhakiki, jibu lako chini yake, na namba ya ukurasa ulipobadilisha, kisha kwenye makala paka rangi maandishi mapya. Ukiwa unapanua makala iliyokwisha kutoka kwenye kongamano, angalia kwanza kama jarida hilo linaruhusu, litaje kongamano hilo kwenye barua ya kwanza, na eleza wazi kipi kipya: nadharia, data, au uchambuzi. TMLR halipokei kazi iliyokwisha kuchapishwa rasmi kwingine.

Ikikubaliwa

Omba barua ya mwaliko kwa ajili ya viza siku uamuzi unapotoka, maana miadi ya ubalozi inaweza kuchukua muda mrefu kuliko uliobaki kabla ya kongamano. Omba na msaada wa kifedha siku hiyohiyo. Makongamano makubwa huwa na fungu kwa wanafunzi na wasio na uwezo, na mlango wake hufungwa mapema. Angalau mwandishi mmoja hudaiwa kujisajili.

Katika toleo la mwisho huongezewa ukurasa mmoja kwa kawaida. Usiujaze na mambo mapya. Uweke yale uliyowaahidi wahakiki, kila moja, kisha rudisha majina, shukrani na ufadhili.

Bango liwe na dai la kwanza la karatasi yako juu kabisa kwa herufi kubwa, mchoro mmoja mkubwa katikati, na maandishi machache. Jizoeze maelezo mawili: ya nusu dakika kwa mpita njia, ya dakika tatu kwa anayesimama. Weka msimbo hadharani ukiwa na amri moja inayorudia Jedwali la 2, na uiendeshe kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuuona mradi wako, kabla kiungo hakijachapwa kwenye bango.